Mtoto njiti wa jumuiya yetu: tufanye nini zaidi ya kuomba?

Swali: Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mkoani Kilimanjaro. Binti wa jumuiya yetu, anayeuza ndizi na mboga sokoni, amejifungua mtoto wa kike mimba ikiwa na wiki 29. Mtoto alizaliwa na gramu 1,150 na yuko wiki ya pili katika wodi ya watoto njiti. Tumemwombea, lakini tuliposikia uzito umeshuka baadhi yetu walikata tamaa. Wengine wananong'ona kwamba ni adhabu, kwa kuwa ndoa ya wazazi haijafungwa kanisani, na mwinjilisti mmoja mgeni anataka mtoto atolewe hospitali akaombewe. Baba wa mtoto haonekani wodini. Je, mtoto abatizwe sasa? Na sisi tufanye nini zaidi ya kuomba?

Jibu: Bwana Yesu asifiwe, mama. Nianze, kama daktari wa watoto wachanga, na uzito, kwa sababu ndio uliowakatisha watu tamaa pasipo sababu. Karibu kila mtoto hupungua katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa, na mtoto njiti hupungua zaidi, hata kufikia sehemu ya kumi ya uzito aliozaliwa nao au kupita kidogo, kwa kuwa ngozi yake nyembamba inapoteza maji mengi na maziwa anayopokea bado ni matone. Mtoto wa gramu 1,150 anayepimwa siku ya tano na kukutwa na gramu 1,040 hajaanza kutuacha. Anapita njia ya kawaida ya watoto wa umri wake, na wengi wao huufikia tena uzito wa kuzaliwa wiki ya pili inapomalizika au siku chache baadaye. Tangu hapo tunatarajia aongezeke kiasi cha gramu 15 kwa siku kwa kila kilo aliyo nayo. Kwa hiyo ninawasihi muache kumpigia simu mama huyo kila asubuhi kumuuliza mtoto amefika gramu ngapi, maana anayeulizwa hivyo kila siku huanza kuuona mzani kama kiti cha hukumu, na siku mzani ukisoma vibaya hujiona ameliangusha kanisa zima.

Mnong'ono wa adhabu nataka niujibu kwa ukali kidogo, nawe utanisamehe. Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa watoto wa namna hiyo milioni 13.4 duniani kote, yaani zaidi ya mmoja katika kila kumi, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa wachungaji, wa maaskofu, na wa wanandoa waliofunga ndoa mbele ya madhabahu wakiwa na vyeti vyao kabatini. Sababu tunazozifahamu ni shinikizo la damu la mimba, maambukizi ya njia ya mkojo na ya uzazi, malaria, mimba ya mapacha, chupa kupasuka mapema, kisukari, mlango wa kizazi kushindwa kushikilia mimba, na umri mdogo sana wa mama. Na katika wazazi wengi hatuipati sababu hata baada ya kuitafuta kwa bidii. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza swali lile lile linaloulizwa katika jumuiya yenu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye akawajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Kama kuna jambo la nidhamu ya kanisa kuhusu ndoa yao, lina wakati wake na lina mchungaji wake, wala halipaswi kuvuka mlango wa wodi. Mama anayeamini kwamba mwili wake umemwadhibu mtoto huogopa kumgusa, na mtoto asiyeguswa na mama yake, kama nitakavyoeleza, hupoteza sehemu kubwa ya tiba.

Pengine mtasikia pia kwamba mtoto wa miezi saba huishi na wa miezi minane hufa. Si kweli. Kila wiki anayoongeza tumboni humwongezea nafasi ya kuishi, na huyu wenu wa wiki 29 yuko katika kundi ambalo wengi wao huishi pale wanapopata joto, maziwa, hewa na ulinzi dhidi ya maambukizi.

Kuhusu mwinjilisti mgeni, mtoto asitolewe. Nalisema hili bila kupunguza thamani ya maombi hata kidogo, kwa sababu ninaomba na mimi. Joto la mwili wa mtoto huyu linatakiwa kubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na kwa kuwa hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, anaweza kupoa ndani ya dakika chache tu katika chumba ambacho mimi na wewe tungekiona cha joto. Akipoa, sukari yake hushuka, kupumua kwake hulegea, na anaweza kuacha kupumua kabisa. Mapafu ya wiki 29 hayajapata utando wa kutosha wa kuyafanya yabaki wazi, ndiyo maana wengine huwekewa mashine ya kusukuma hewa puani, na ubongo wake bado husahau kuvuta pumzi, ndiyo maana hupewa dawa ya kuukumbusha. Vitu hivyo vyote haviwezi kupakiwa katika gari la kwenda kwenye mkutano wa maombi. Mwinjilisti aje yeye hospitalini, anawe mikono hadi kwenye viwiko kama sisi sote, aombe kwa sauti ya chini kwa dakika chache, kisha aondoke. Asimpake mtoto mafuta, kwa sababu ngozi hiyo hupitisha vijidudu kirahisi, wala asimtie kinywani maji ya aina yoyote, hata yawe yameombewa na nani. Kama anataka kupaka mafuta, ampake mama kwenye paji la uso.

Tena mkumbushe kwamba makanisa yetu hayakuwahi kufundisha kwamba dawa na imani ni maadui. Hospitali ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na Walutheri kutoka Norway katikati ya pori la Mbulu, hospitali ya KCMC ikafunguliwa Moshi mwaka 1971, na hospitali ya Bugando ya Wakatoliki kule Mwanza mwaka huo huo wa 1971. Watu waliojenga wodi hizo waliomba sana, halafu wakanunua mitungi ya oksijeni.

Sasa nije kwenye swali lako la msingi. Yakobo aliliandikia kanisa lililokuwa na maneno mazuri na mikono mitupu, akauliza kwamba mtu wa kwenu akimwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," lakini asimpe mahitaji ya mwili, yafaa nini? (Yakobo 2:15-16). Kila ninapolisoma andiko hilo naona limeandikwa kwa ajili ya wodi ya watoto njiti, kwa sababu vitu viwili anavyovihitaji mtoto wa gramu 1,150 kuliko vyote ni hivyo hivyo, kuota moto na kushiba, na vyote viwili vinatoka katika mwili wa mama yake. Kazi ya jumuiya yenu basi ni kuhakikisha kwamba mwili huo upo pale kitandani, umepumzika, umekula, na haukimbizwi na mawazo ya nyumbani.

Nieleze kwa nini. Mwaka 1978, katika hospitali moja ya Bogotá, Colombia, iliyokuwa na watoto wengi na mashine chache za joto, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakiwa wamefungwa kwa kitambaa. Kwa miaka mingi watu waliiona kuwa tiba ya maskini, na hata kwetu ilitumika baada ya mtoto kutulia tu. Kisha ukafanyika utafiti katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa upande wetu Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2021, ukihusu watoto waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1.0 hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kutulia, walikufa asilimia 12.0 katika siku 28 za mwanzo, na waliosubiri walikufa asilimia 15.7, tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake ili watoto wote wapewe huduma hiyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba mtoto njiti abebwe hivyo kwa muda wa saa 8 hadi 24 kwa siku, mapema iwezekanavyo. Mtoto wenu naye yumo katika uzito ule ule uliofanyiwa utafiti.

Saa 24 hakuna mwanamke anayeziweza peke yake. Katika utafiti ule ule walipokelewa pia ndugu waliomsaidia mama kubeba, na hapa ndipo mnapoingia. Bibi wa mtoto, shangazi, mama mdogo, au mama mmoja mwenye afya aliyechaguliwa na mzazi mwenyewe na kukubaliwa na wauguzi, anaweza kuvua blauzi, kunawa, na kumbeba mtoto saa tatu au nne ili mama aoge, ale na alale. Mchague mmoja au wawili wasiobadilika, wasio na mafua wala kikohozi wala jipu, msipange zamu ya akina mama thelathini wa Idara ya Wanawake, kwa kuwa kila mgeni mpya huja na vijidudu vyake. Na baba yumo katika hesabu. Kifua cha mwanamume kina joto la kutosha. Kwa akina baba wengi walioko mbali na wodi, kinachowaweka mbali ni woga: mtoto mdogo kuliko kiganja chake, mirija puani, chumba kilichojaa wanawake wanaokamua maziwa, na mlangoni muuguzi aliyemwambia mara moja kwamba wanaume hawaruhusiwi saa hizi. Mzee mmoja wa kanisa wa kiume aende naye, aulize kwa heshima ni saa ngapi baba anaweza kuingia kumbeba mwanawe, asubiri nje mpaka atoke. Ziara hiyo ya wanaume wawili naithamini kuliko kwaya nzima.

Kushiba nako ni kazi nzito, na watu wasiowahi kuiona hawaijui. Mtoto wa wiki 29 hawezi bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Uwezo huo huanza kujengeka kati ya wiki ya 32 na ya 34. Kwa hiyo mama huketi kitandani, mtoto akiwa kifuani kwake amefungwa kanga, kichwa na kofia yake kikichungulia chini ya kidevu cha mama, naye hukamua maziwa kwa mkono katika kikombe kilichochemshwa. Siku za mwanzo hupata kijiko kimoja cha yale maziwa mazito ya manjano, na hulia akidhani hana maziwa, ilhali hicho kijiko ndicho kinga ya kwanza ya mtoto. Muuguzi huyavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, huondoa kisukumizi chake, huliunganisha na mrija mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni, kisha huliinua juu kidogo na kuyaacha maziwa yashuke yenyewe, polepole, huku mama akiangalia yanavyopungua. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya saa tatu, na katika hospitali nyingine kila saa mbili, mchana na usiku. Mkimwalika aungane nanyi katika mkesha wa Ijumaa, kumbukeni kwamba yeye amekesha siku zote tangu ajifungue. Na ikiwa mmetangaza mfungo kwa ajili ya mtoto, fungeni ninyi. Yeye asifunge, kwa sababu anayefunga kula na kunywa anaweza kupunguza maziwa ambayo ndiyo jibu la maombi yenu.

Mpelekeeni chakula basi, na mpeleke kwa mpangilio. Mtori wa nyama ambao mzazi wa kwetu angeletewa nyumbani unaweza kufika wodini katika chupa ya chai, pamoja na uji mzito, maharage, mboga na maji mengi ya kunywa. Maji ya matunda ya dukani, ambayo wageni wa hospitali hupenda kuyabeba, yana sukari tu. Ongezeni kanga au vitenge viwili vilivyofuliwa kwa sabuni na kupigwa pasi, kofia ndogo ya pamba, soksi, sabuni, na ndoo yenye mfuniko. Muulizeni muuguzi wa zamu kabla ya kununua chochote cha mtoto, na msilete maziwa ya kopo bila agizo la daktari.

Kuna jambo jingine ambalo jumuiya hulisahau. Hata pale ambapo matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano hayatozwi, familia hufilisika kwa nauli, chakula, vipimo na dawa zinazokosekana, na zaidi kwa sababu mama ameacha kazi. Aliyeajiriwa ana unafuu kidogo, kwa kuwa sheria za kazi zilirekebishwa mwaka 2025 ili aliyejifungua njiti aongezewe muda wa likizo ya uzazi, jambo ambalo Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, na taasisi yake walilipigania kwa miaka. Lakini binti yenu anauza ndizi sokoni, na meza ya sokoni haina likizo. Mtoto wa wiki 29 hukaa hospitalini wiki kadhaa, mara nyingi mpaka afikie kilo 1.8 au 2 akiwa anaongezeka kila siku na ananyonya mwenyewe, na katika muda huo meza hiyo itachukuliwa na mtu mwingine, deni la kikundi cha kuweka na kukopa litaiva, na kama ana mtoto mkubwa nyumbani, atakuwa anaulizia mama. Kama wanawake wawili wa jumuiya wanaofanya biashara katika soko hilo wataishika meza yake kwa zamu na kumtumia faida kwa simu kila Jumamosi, mtakuwa mmempa zaidi ya bahasha yoyote ya mchango, na atarudi akikuta bado ana mahali pa kusimama. Paulo aliposema "Mchukuliane mizigo" (Wagalatia 6:2), mzigo wa mwanamke huyu ni pamoja na mikungu ya ndizi.

Kuhusu maneno. Ulizeni kama kuna mtu amewahi kumwambia hongera. Akina mama wengi wa watoto njiti husikia pole tupu, kana kwamba hawakuzaa bali wameibiwa, na mpaka mtoto anafikisha mwezi hakuna aliyewauliza jina lake. Mwambieni hongera kwanza, kisha pole ya kazi. Mwiteni mtoto kwa jina. Msimwambie kwamba Mungu hampi mtu jaribu asiloliweza, wala kwamba atapata mwingine, wala kwamba mtoto wa fulani alizaliwa mdogo zaidi na leo anasoma chuo kikuu. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Walianza kukosea walipofungua vinywa. Akilia, mwacheni alie. Lakini kama halali hata anapopata nafasi ya kulala, hataki kumwona mtoto, hataki kula, au anasema maneno ya kutamani kufa, msiishie kumwombea. Mwambieni muuguzi siku hiyo hiyo, kwa sababu huzuni ya baada ya kujifungua ni ugonjwa unaotibika, na huwapata mama wa watoto njiti zaidi kuliko wengine. Mchungaji wa hospitali, kama yupo, naye aitwe.

Maombi yenyewe yawe mafupi na ya kweli. Ninachowakatalia ni unabii. Mtu yeyote asisimame kando ya kitanda hicho na kutangaza kwamba Bwana amemwonyesha mtoto ataishi, kwa maana ikiwa sivyo, mama atamzika mtoto na imani yake kwa siku moja, na ikiwa ndivyo, atajifunza kumtegemea nabii badala ya Mungu. Ombeni mnachokihitaji kwa majina yake: pumzi, joto, maziwa, kinga dhidi ya maambukizi, umeme usikatike, wauguzi wa usiku wasichoke. Someni Zaburi ya 139, pale mwimbaji anaposema, "Macho yako yaliniona kabla sijakamilika," kwa kuwa mama huyo anaona kwa macho yake kitu ambacho kwa wengine hubaki sirini tumboni, ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa. Na Paulo mwenyewe, akitaja jinsi Kristo alivyomtokea mwisho wa wote, alijiita mtu "aliyezaliwa si kwa wakati wake" (1 Wakorintho 15:8). Alisema kwa unyenyekevu na kwa mfano, lakini nimeona mama akitabasamu kulisikia.

Je, abatizwe? Mimi ni daktari wa watoto wachanga, si mchungaji, kwa hiyo neno la mwisho ni la mchungaji wenu, ila naweza kueleza linavyofanyika. Kanisa lenu hubatiza watoto, na linao ubatizo wa dharura, ambao Mkristo yeyote anaweza kuutoa mtoto akiwa hatarini na mchungaji hayupo; Wakatoliki nao wanao. Haumsubiri mzazi arudishwe kundini wala ndoa ifungwe. Ikiwa mtoto ametulia, hakuna haraka, na wazazi wanaweza kuchagua kusubiri siku ya furaha kanisani. Ikiwa hali ni ya mashaka au mama hana amani bila ubatizo, afanyiwe, na asiambiwe kwamba ana imani ndogo kwa kuomba hivyo. Mwombeni muuguzi maji safi yaliyotayarishwa, yapashwe joto kidogo. Aliyenawa achovye ncha za vidole, aguse paji la uso mara tatu akisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," akitaja jina la mtoto, kisha akaushe kwa pamba mara moja na kurudisha kofia. Mtoto anaweza kubaki kifuani kwa mama muda wote huo. Jina, tarehe na mashahidi viandikwe, ili mchungaji auangalie na kuutangaza ubatizo huo baadaye mbele ya usharika, bila kuurudia. Ndugu wa upande wa baba wakiwa ni wa kanisa lisilobatiza watoto, ubishi wa mafundisho usifanyikie kitandani.

Lazima niseme pia kuhusu kifo, kwa kuwa wewe hukuuliza lakini najua unawaza. Ikiwa mtoto atafariki, mama na baba wapewe nafasi ya kumbeba, hata kama mashine zimeshaondolewa, na kupiga picha wakitaka. Katika familia nyingi za kwetu kichanga huzikwa kimyakimya na wazee wawili watatu, mama akiwa bado kitandani, na kesho yake hakuna anayelitaja jambo hilo tena, kwa nia njema ya kumpunguzia uchungu. Nia hiyo humwacha peke yake. Iwepo ibada ya maziko, hata fupi, jina litajwe, na uamuzi wa kuhudhuria uwe wa mama mwenyewe. Naomba sana mhubiri asitumie habari ya mtoto wa Daudi katika 2 Samweli 12, ingawa ina maneno matamu ya "mimi nitakwenda kwake," kwa sababu katika habari hiyo mtoto anakufa kwa ajili ya dhambi ya baba yake, na wazazi watasikia sehemu hiyo tu. Marko 10:14 inatosha, "Waacheni watoto wadogo waje kwangu." Kisha mmoja wa akina mama amkumbuke siku zinazofuata, wakati matiti yanapojaa maziwa yasiyo na wa kuyanywa, ampeleke kwa mkunga, ambaye atamwelekeza namna ya kupunguza maumivu. Siku hizo ni ngumu kuliko siku ya mazishi yenyewe, na hakuna mwanamume katika baraza la wazee atakayezikumbuka usipozitaja wewe.

Akiruhusiwa kwenda nyumbani, ambalo ndilo tunalolitazamia, kazi haijaisha. Ataendelea kumbeba kifuani mpaka mtoto mwenyewe aanze kuhangaika na kukataa, mara nyingi anapokaribia kilo 2.5. Msilete kundi la kumpokea, na ibada ya shukrani iahirishwe mpaka daktari aridhike. Mtoto aliyepitishwa mikononi mwa benchi zima la akina mama na kubusiwa na kila mmoja anaweza kurudi wodini kwa nimonia juma hilo hilo. Siku ya shukrani msimlazimishe mama kutoa ushuhuda, na mchungaji akumbuke kwamba katika ibada hiyo yumkini ameketi mwingine ambaye wake hakurudi. Chanjo zake huhesabiwa tangu tarehe aliyozaliwa, kama kliniki itakavyoelekeza. Lakini kukaa, kutambaa na kutembea kwake kuhesabiwe tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, yaani wiki 11 baadaye, ili asilinganishwe na wenzake wa shule ya Jumapili na kuonekana amechelewa. Mama aulize kuhusu kipimo cha macho, ambacho kwa mtoto wa umri huu hufanywa anapofikisha wiki nne hivi, maana mishipa ya nyuma ya jicho inaweza kukua vibaya na kuleta upofu unaozuilika, na aulize pia kuhusu kipimo cha masikio. Wakati wa tarehe hizo ndipo nauli huwa imekwisha na michango imesimama, kwa hiyo bakizeni kitu katika mfuko wa jumuiya kwa ajili yake.

Na akipata mimba nyingine, aende kliniki mapema, na siku ya kwanza kabisa amweleze mkunga kwamba amewahi kujifungua wiki ya 29, kwa kuwa aliyejifungua njiti mara moja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia. Atapimwa mkojo, damu na shinikizo kwa uangalifu zaidi, na uchungu ukianza mapema atawahishwa kwenye hospitali yenye wodi ya watoto njiti, ambako anaweza kuchomwa sindano za kuyakomaza mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa.